Jinsi ya kujenga kuzimu kwenye stori yako ya anga za juu: mwongozo kamili

Nimeamua kukaa chini niandike hii kwa sababu mwezi huu peke yake nimesoma rasimu sita, nne za vijana wa hapa Moshi na mbili za Arusha, zote ni stori za sayansi ya kubuni, zote zinampeleka shujaa kuzimu na zote zinaanguka palepale. Chombo kinatua kwenye sayari nyekundu, kuna moto, kuna lava, kuna jitu lenye mapembe linacheka, shujaa anapiga risasi anatoka. Ukiitoa hiyo sayari ukaweka ghala moja la pale Unga Limited stori inabaki vilevile, hapo ndio ujue kuzimu haikuwepo toka mwanzo.

Kuzimu ya bibi zetu inatisha kwa sababu ina sheria na sheria hazibembelezwi. Kazi yako ni kuichukua ile sheria ya mizimu na kuitafutia sababu ya kifizikia, mpaka msomaji ashindwe kujua anaogopa mzimu au anaogopa presha ya hewa. Ntatumia stori yangu mwenyewe kama mfano njia nzima, ya binti mmoja nimempa jina Ndeshi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari la karatasi na kalamu. Simu iache chumba kingine, utaihitaji hatua ya 3 tu kutafuta namba.
- Ngano moja ya mtu kushuka kuzimu, ambayo unaijua mwanzo mpaka mwisho. Moja, sio tano.
- Sehemu moja ya chini, ya giza au ya kubana ambayo umewahi kuingia kwa miguu yako mwenyewe. Kama huna, nenda kwanza mapango ya Wachagga kule Marangu, yale waliyochimba wazee kujificha wakati wa vita, uinamie uingie, ukae dakika kumi bila tochi.
- Ukweli mmoja wa sayansi wenye namba.
- Marehemu mmoja wa kwenye stori, ambaye shujaa wako ana sababu ya kumfuata. Bila huyu mtu hakuna safari.
- Mtu mzima wa kukusikiliza ukisoma kwa sauti. Bibi, babu, mama mkubwa, yeyote aliyekulia na hizi ngano.

Muda tenga Jumamosi mbili. Ukijaribu kumaliza usiku mmoja utarudi kwenye mapembe.

Hatua ya 1: Ibomoe ngano ubaki na sheria

Uchagani tuna ngano ya Marwe, na kama umekulia Kibosho au Machame huenda uliisikia ikiwa na tofauti ndogondogo. Marwe na kaka yake waliachiwa shamba la maharage wawafukuze nyani, kiu ikawashika, wakaenda kunywa maji kidimbwini, kurudi wanakuta nyani wamemaliza kila kitu. Marwe akaogopa wazazi, akajitosa kwenye kile kidimbwi akazama mpaka chini kabisa, na huko chini akakuta nyumba na bibi kizee. Akakaa naye akimsaidia kazi, ila chakula cha kule hakukigusa. Baadae akatamani kwao akaomba ruhusa, yule bibi akamuuliza, unataka ya moto au ya baridi? Akasema ya baridi. Akaambiwa atumbukize mikono kwenye chungu, ikatoka imejaa bangili, akatumbukiza miguu ikatoka na vikuku, akavalishwa na nguo ya shanga akarudi juu.

Sasa fungua daftari, usiandike wahusika wala mandhari, andika sheria tupu. Mimi nilipata hizi:

Unaingia kwa maji, na kuingia ni rahisi kuliko kutoka.
Ukila cha kule umekuwa wa kule.
Kule kuna mwenyeji, bila yeye hutoki.
Kabla ya kutoka unachaguzwa, na jibu sahihi linaonekana kama baya.
Unarudi na kitu mwilini.

Kwa nini tunaanza hapa? Kwa sababu hizi sheria zina nguvu kuliko mandhari yoyote utakayobuni. Hiyo ya chakula tu, Wagiriki wanayo kwa Persephone aliyekula punje za komamanga kule kuzimu akalazimika kurudi huko kila mwaka, Wajapani wanayo kwa Izanami ambaye mumewe alimfuata Yomi, kuzimu yao, akakuta ameshakula cha kule. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga Kilimanjaro walifika kwenye katazo lilelile, kwa hiyo msomaji yeyote duniani ukimwekea sahani mezani huko chini atashika pumzi.

Tahadhari moja hapa, na ndio inayoharibu rasimu nyingi. Usichanganye kuzimu na jehanamu. Neno kuzimu limebeba mzimu ndani yake, ni kule walipo waliotutangulia, wapo babu zako na wengine wanakupenda sana tu. Jehanamu ni adhabu, ina hesabu ya dhambi. Ukishaweka moto wa adhabu, shujaa anabaki na swali moja tu, natokaje, wakati kuzimu inamuuliza swali gumu zaidi, kwa nini nisibaki.

Umefaulu kama sheria zako ni nne au tano, kila moja inasemeka kwa pumzi moja, na ukimsomea mtu asiyejua ngano anakuuliza "kwa nini?" Hayo makwanini yaandike pembeni, ndio kazi ya hatua ya 3.

Hatua ya 2: Chagua mahali, na usikimbilie moto

Marwe alichagua baridi, waandishi wetu karibu wote wanachagua moto. Zuhura ndio inayopendwa, na ni kweli kule juu ya ardhi kuna nyuzi joto kama 465 na presha zaidi ya mara 90 ya hapa kwetu, chombo cha Wasovieti kilichoitwa Venera 13 kilitua 1982 kikadumu dakika 127 tu. Lakini ona tatizo, mtu hawezi kukaa kule hata kidogo, na bila kukaa hakuna mwenyeji, hakuna chakula, hakuna kubembelezwa. Unabaki na tanuru.

Kama lazima uwe na moto basi jifunze kwa mlima wetu wenyewe, Ol Doinyo Lengai. Lava yake sio ya kawaida, ni ya kaboneti, inatoka na nyuzi joto 500 hadi 600 hivi ambayo ni karibu nusu ya lava za volkano nyingine, nyepesi inatiririka kama mafuta, mchana inaonekana nyeusi kama tope, halafu ikipoa na kukutana na unyevu inageuka nyeupe. Moto mweusi unaogeuka mweupe. Hiyo hata mimi ningeisoma.

Mtego mwingine ni Pluto. Iligunduliwa 1930 ikapewa jina la mungu wa kuzimu wa Warumi, mwezi wake mkubwa unaitwa Charon kwa jina la yule anayevusha wafu, na miezi mingine midogo ni Styx, Nix, Kerberos na Hydra. Majina yote yameshawekwa. Ndio maana watu wanapeleka stori pale wakidhani jina litafanya kazi, wanaandika "Charon" mara ishirini na hakuna hata mtu mmoja anayevushwa.

Mimi nilichagua Europa, mwezi wa Mshtarii (Jupiter). Juu ni barafu, baridi karibu nyuzi 160 chini ya sifuri, mionzi ya Mshtarii inaweza kumuua mtu ndani ya siku chache, kwa hiyo anayetaka kuishi pale hana ujanja, inabidi azame chini ya barafu. Na chini ya barafu wanasayansi wanaamini kuna bahari. Yaani kidimbwi cha Marwe kipo pale kinasubiri, hata sikukibuni.

Umefaulu kama mahali pako panamlazimisha mtu ashuke, na akishashuka anaweza kuishi.

Hatua ya 3: Tafuta sababu moja inayobeba sheria zote

Hapa ndio moyo wa kazi, nenda taratibu.

Kosa ninaloliona ni mtu kuipa kila sheria sababu yake. Chakula kina sumu, mlango una leza, kumbukumbu zinafutwa na kompyuta. Sababu tano tofauti zinafanya kuzimu ionekane kama gemu lenye leveli. Tafuta sababu moja, kubwa, halafu uone inabeba sheria ngapi.

Yangu ilikuwa presha. Nilianza na hesabu ndogo. Mvutano wa Europa ni kama sehemu moja ya saba na nusu ya mvutano wa hapa, kwa hiyo barafu ya kilomita 3 pale inabana kama mita 360 hivi za maji ya bahari kwetu, mara 36 ya hewa ya kawaida. Nikajiuliza kuna binadamu wanaoishi kwenye presha kama hiyo? Wapo. Wapiga mbizi wa kazi za mafuta baharini wanaishi wiki nzima au mwezi ndani ya chemba zenye presha, wanashushwa kazini wanarudishwa chembani. Nilivyosoma maisha yao nilibaki nimeshika kichwa, maana Marwe mzima alikuwa mle ndani.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Ukiwa kwenye presha gesi inayeyuka ndani ya damu na minofu, ukipanda haraka inatoka kama soda iliyotikiswa na inaua. Kupanda kunahitaji kama siku moja kwa kila mita 30, kwa hiyo Ndeshi akitaka kutoka anadaiwa siku 12 au 13 za kukaa kwenye chumba kidogo akisubiri. Mlango uko wazi na hawezi kutoka!

Ukila cha kule umekuwa wa kule. Hii ilinisumbua wiki mbili. Halafu nikagundua kitu kwenye ile kazi yao, mwili ukishakaa kama siku nzima unakuwa umejaa, hauwezi kubeba gesi zaidi, na kuanzia hapo ukikaa siku moja au mwezi mzima deni la kupanda ni lilelile. Basi. Chakula hakina sumu yoyote, ila ukikaa mpaka wakuandalie, uoshe mikono, ule, upigwe stori, siku imeisha na mwili umejaa. Bibi anayekupakulia anajua hilo. Na wapiga mbizi wenyewe wanasema chakula kule ndani kinapoteza ladha, kwa hiyo Ndeshi anatafuna ndizi anahisi anatafuna karatasi.

Sauti za wafu. Kule ndani wanapumua heliamu iliyochanganywa na oksijeni, na heliamu inaifanya sauti iwe nyembamba kama ya mtoto. Mtu mzima wa miaka 70 anakuita mjukuu wangu kwa sauti ya chekechea.

Moto au baridi. Heliamu inanyonya joto la mwili kwa kasi kuliko hewa yetu, ndio maana chemba zao zinatunzwa karibu nyuzi 30 na bado mtu akihisi baridi anaomba blanketi. Kwa hiyo niliweka vyumba viwili vya kupandia, kimoja cha moto kinachoahidi siku mbili, kingine cha baridi siku 13. Cha moto kinaua. Ndeshi akachagua baridi.

Na hii sikuitafuta, ilikuja yenyewe: kwenye presha ya mara 36 oksijeni inayotakiwa ni asilimia 1 tu ya mchanganyiko, zaidi ya hapo sana inakuwa sumu. Ile hewa inayomweka bibi hai kule chini, ukiivuta hapa juu unazimia. Na hewa yetu ikipelekwa kule kwa presha ile inaua. Hewa ya walio juu na hewa ya walio chini haziwezi kukutana kwenye pafu moja, nilipoandika hiyo sentensi kwenye daftari nilijua stori ipo.

Tahadhari: usimwage haya yote kwenye ukurasa kama nilivyofanya hapa. Hapa nafundisha. Kwenye stori msomaji apate labda robo, na aipate kupitia mwili wa mhusika, masikio yakiziba, mikono ikitetemeka, jasho. Kijana mmoja wa Sakina alinitumia kurasa nne za maelezo ya shimo jeusi kabla mtu hajaongea, nikamwambia mdogo wangu, hii ni notisi ya darasani, mtoe mwalimu umuweke mtu anayeogopa.

Umefaulu kama sababu yako moja imebeba sheria tatu au zaidi bila kuilazimisha. Ikibeba moja tu, badilisha sababu, usibadilishe ngano.

Hatua ya 4: Weka mlango, na mlinzi mwenye kazi yake

Wasumeri wana safari ya Inanna, mungu wao wa kike, alishuka kuzimu kupitia malango saba na kila lango alivuliwa kitu, taji, shanga, mpaka akafika mbele ya dada yake Ereshkigal akiwa mtupu. Kila alipouliza kwa nini, mlinzi Neti alimjibu kwamba ndio utaratibu wa kule, asihoji. Hamchukii, hamtishi. Anafanya kazi yake, na hicho ndicho kinachoganda damu.

Sisi huku tuna mfano wa karibu sana. Ukuta wa Mirerani unaozunguka migodi ya tanzanite, kilomita 24 na ushee, ulizinduliwa 2018 ukiwa na lango moja, na anayetoka anapekuliwa. Kaka mmoja niliyemfahamu alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa kule, miaka mingi kabla ya kuacha, siku moja tumekaa stendi tunasubiri Kosta nikamuuliza kule chini ni kitu gani kinatisha, nilidhani atasema giza. Akasema kompresa. Ukiwa chini unasikia mlio wa kompresa inayoleta hewa kupitia mpira, unauzoea mpaka huusikii, sasa siku ukikata ndio unausikia. Wote wananyamaza, hakuna anayeulizana kitu, kila mtu anasikiliza juu. Nikaandika hilo mkononi kwa sababu sikuwa na karatasi.

Ndio nikampa Ndeshi mlinzi wa aina hiyo, mzee anayesimamia valvu, hana silaha, ana daftari la kuandika majina na saa. Anamuuliza kila anayeshuka jina la ukoo na nani atamlipia akichelewa. Mpe mlinzi wako kitu cha kufanya kwa mikono, valvu, mihuri, mizani, chochote, ila asiwe amesimama tu na mkuki.

Mfano mzuri wa mlinzi kwenye Star Trek, tamthilia ya anga za juu, ni Kortar, anayeendesha jahazi la kupeleka Klingon (jamii ya viumbe wapiganaji) waliokufa bila heshima kwenye kuzimu yao inayoitwa Gre'thor. Inasemekana yeye ndiye Klingon wa kwanza, aliyewaua miungu waliomuumba, na kuendesha lile jahazi ndio kifungo chake. Kwa hiyo mlinzi mwenyewe ni mfungwa. Ukimpa wako historia ya sentensi moja kama hiyo inatosha, usimwandikie sura nzima.

Hatua ya 5: Nani ananufaika?

Hii fupi. Kama kuzimu yako imejengwa na watu au viumbe, andika mstari mmoja unaosema ni nani na anapata nini. Kwenye tamthilia ya Stargate SG-1 kuna Netu, mwezi ambao mhusika mwovu Sokar aliugeuza kwa makusudi ufanane na jehanamu, kwa sababu yeye anatawala kwa hofu na anahitaji watu waamini kwamba yeye ndiye mwenye kuzimu. Jina la Sokar lenyewe limechukuliwa kwa mungu wa Misri wa makaburi ya Memfisi. Jengo lina mwenye jengo.

Kwangu mimi ni mwajiri. Anayekaa chini halipiwi siku 13 za kupanda, anakatwa, kwa hiyo wengi wanaahirisha mwaka hadi mwaka mpaka huku nyumbani watu wanakaa matanga.

Hatua ya 6: Acha maelezo mawili yasimame pamoja

Wengi mnauliza, je niseme mwishoni kwamba ilikuwa kweli au ilikuwa ndoto? Usiseme.

Angalia walivyofanya kwenye Star Trek: Voyager, sehemu ya mwaka 1999 inayoitwa Barge of the Dead. B'Elanna Torres, nusu binadamu nusu Klingon, anapata ajali anakaribia kufa, anajikuta kwenye lile jahazi na mama yake yupo humo. Anaokolewa. Anaomba daktari amrudishe kwenye hali ileile ya kufa ili akamkomboe mama. Muda wote daktari anaona ubongo unaokosa hewa, yeye anaona bahari na sauti za wapendwa zikimwita kutoka majini ajitupe. Wote wawili wana ushahidi. Na alipofika Gre'thor yenyewe, hakukuta moto, alikuta meli yake, ileile anayofanyia kazi kila siku. Hapo mwandishi alikuwa ameshajua kwamba kuzimu ya mtu inatengenezwa na vitu vya mtu.

Kwa Ndeshi nilifanya hivi. Kuna barua nyumbani, ina mhuri, inasema bibi yake alifariki miaka minne iliyopita. Na kuna sauti kule chini. Daktari wa juu anasema mchanganyiko wa hewa ulikosewa siku ile na mtu akipungukiwa oksijeni anasikia mambo, jambo ambalo mpagazi yeyote wa Kilimanjaro atakuthibitishia, wageni wakikaribia kileleni wengine wanaongea na watu wasiokuwepo. Lakini Ndeshi amerudi anajua jina la ng'ombe aliyeuzwa kabla yeye hajazaliwa.

Tahadhari: maelezo yote mawili lazima yawe na uzito sawa. Ukiegemea daktari unamdharau bibi, ukiegemea bibi umeitupa hatua ya 3 yote.

Hatua ya 7: Andika kushuka kwenyewe

Sasa ndio unaandika. Funga daftari la sheria, kumbuka ile sehemu uliyowahi kuingia wewe mwenyewe, na andika mwili tu. Mimi nilikumbuka lile pango la Marangu, jinsi mgongo unavyogusa udongo ukiinama na unavyosikia pumzi ya mwenzako aliye nyuma kabla hujamwona. Hiki ndicho kipande kilichotoka:

"Mlango wa pili ulijifunga nyuma yake. Joto likapanda, gesi ikishindiliwa inachemka, alikuwa ameambiwa. Masikio yakaziba. Akameza mate, yakafunguka, yakaziba tena. Vidole vilianza kutetemeka vyenyewe, akavikalia. 'Meza,' ikasema spika, sauti nyembamba ya mtoto. 'Meza tena, mama.' Na Ndeshi akaacha kumeza, kwa sababu kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuivuta ile herufi ya kwanza vile."

Hakuna neno kuzimu hapo ndani, hakuna presha mara 36. Lakini gesi kuchemka ikishindiliwa ni kweli, mikono kutetemeka ukishushwa haraka kwenye heliamu ni kweli, na anayeita anaita kwa upendo.

Ukikwama hapa tatizo ni moja kati ya mawili, ama sehemu yako ya kweli hujaikumbuka vizuri, irudie uende tena, ama marehemu wako hampendi shujaa na shujaa hampendi yeye.

Hatua ya 8: Rudisha mtu, na kitu mwilini

Marwe alirudi na bangili. Usimrudishe shujaa mtupu, na usimrudishe na silaha ya siri ya kuokoa dunia. Rudi kwenye sababu yako ileile uiulize inaacha alama gani. Presha inaacha. Wapiga mbizi wa muda mrefu wengine mifupa yao inaharibika kwenye bega, nyonga na goti, na picha ya eksirei inaonyesha. Kwa hiyo Ndeshi amekaa kwenye benchi la hospitali Moshi, daktari anainua picha dirishani, na kwenye mabega yote mawili kuna pete nyeupe. Anaziangalia muda mrefu. Hizo ndizo bangili zake, zinauma wakati wa baridi na hazivuliki.

Hapo kuna hasara na kuna utajiri kwa pamoja, na vyote viwili viwepo. Rasimu za vijana wengi zinaishia kwenye hasara tupu, mtu anarudi amevunjika basi. Ngano ilisema alirudi amevaa shanga.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti kwa mtu mzima

Usiruke hii. Mimi nilimsomea bibi mmoja jirani yetu, wa miaka themanini na kitu. Shikamoo, marahaba, nikamwambia bibi nina stori ya mwezi wa mbali sana wenye barafu, akasema haya soma mjukuu wangu, huku anachambua maharage kwenye ungo.

Unaposoma usiangalie karatasi muda wote, angalia mikono yake. Yake iliendelea na maharage kwenye chombo, ikaendelea kwenye barafu, ikaendelea kwenye valvu na mzee wa daftari. Ilisimama pale bibi wa kule chini alipoweka sahani mezani. "Hakula, si ndio?" akaniuliza kabla sijafika.

Ukiulizwa kuhusu chakula, au kuhusu nani amebaki kule, stori yako imekaa, safisha tahajia uitume. Ukiulizwa chombo kilikuwa kinaendeshwaje, rudi hatua ya 3. Na ukiona mikono haikusimama popote, rudi ya 1, chagua ngano nyingine.